Tume ya Kuchunguza Nani Alianza

Ilikuwapo nchi moja, na anayesema haipo tena hajapita mpakani siku za karibuni. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Nchi yenyewe ina majina mawili, na sheria inataka yatamkwe yote kwa wakati mmoja, nami Mungu amenipa mdomo mmoja tu.

Hapo kale zilikuwa nchi mbili, Mlima na Bonde, zikapigana vita virefu kwa sababu ambayo wanahistoria wa pande zote wamekubaliana kuisahau. Hakuna aliyeshinda. Walipochoka waliketi kitako, wakatia saini Mkataba wa Sare, wakaunganisha nchi, na tangu hapo taifa likasimama juu ya nguzo moja: hakuna kuanza. Anayeanza kupiga ni mchokozi. Anayeanza kuomba amani ni mwoga. Na kwa kuwa ilikuwa vigumu kujua mtu ameanza lipi, serikali ikaona heri kuanza kwenyewe kupigwe marufuku.

Wageni hupata taabu kidogo, lakini wenyeji wamezoea. Watu wawili wakikutana njiani hutazamana midomo, wakiviziana, hadi salamu iwatoke kwa pamoja. Wenye haya huweza kusimama hapo mpaka jua likatua. Milango ya ofisi za serikali imepanuliwa ili wakuu wawili waingie bega kwa bega. Ligi ya mpira huisha kwa sare, na mshambuliaji aliyewahi kufunga bao la ushindi bado anaripoti polisi kila Jumatatu. Rais ni mmoja, jambo lililowasumbua sana wanasheria, mpaka ilipoamuliwa kitanda chake kiwekwe juu ya mpaka, kichwa Mlimani na miguu Bondeni, na kila mwezi ukiandama hugeuzwa. Kituo cha zimamoto kiliungua chote wakuu wake wawili wakisubiriana nani afungue bomba. Walizikwa kwa heshima zote za taifa, majeneza yakishushwa sambamba.

Na mapenzi? Mapenzi nayo yalipewa utaratibu. Anayempenda mwenzake huenda kimyakimya kwa mshenga mwenye kibali. Mshenga huwaketisha wote wawili uso kwa uso, huinua mkono, huhesabu: moja, mbili, tatu. Penye tatu wote husema "nakupenda" kwa mpigo mmoja. Mmoja akinyamaza, basi, shauri limekwisha na kila mtu anakwenda zake. Ama mtu kutangulia kusema, hilo halijawahi kutokea. Serikali imetamka mara nyingi, tena kwa ukali, kwamba halijawahi kutokea.

* * *

Lilikuwa limetokea. Lilimtokea Bi. Kidawa.

Kidawa alikuwa mwanamke wa Bonde, mhariri wa Kalenda ya Taifa, kazi ya kuhakikisha kwamba sikukuu za Mlima hazizidi sikukuu za Bonde hata kwa nusu siku. Alipokuwa msichana alipendwa na kijana wa Mlima aitwaye Lukumbo, mkaguzi wa mizani masokoni. Siku ya kuhesabiwa mvua ilinyesha, mshenga wao akawaketisha chini ya bati la mashine ya kusaga unga. Mzee akainua mkono. Akasema moja. Akasema mbili. Na hapo Lukumbo, mtu mpole asiyewahi kuvuka hata barabara bila mwenzake, akabubujikwa: "Nakupenda, Kidawa, jamani, nakupenda!"

Mshenga akafumba macho kama mtu aliyeona uchi wa mkwewe. "Mimi masikio yangu na mashine hii," akasema, "sikusikia kitu." Akainua tena mkono, akahesabu upya mpaka tatu, vijana wakasema pamoja kama inavyotakiwa, na ndoa ikafungwa bila doa.

Lakini Kidawa alikuwa amesikia. Na nitakwambia ukweli, msomaji, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuuficha moyoni mwake: neno lile moja lilikuwa ndilo ndoa yake yote. Lukumbo alikoroma. Lukumbo alisahau chumvi sokoni na kurudi na kamba. Lukumbo alijipendekeza kwa mkuu wake wa kazi kupita kiasi. Yote hayo Kidawa aliyasamehe, maana kila alipotaka kukasirika alimkumbuka yule kijana chini ya bati ambaye hakuweza kungoja tatu. Nchi nzima ilikuwa na ndoa za sare. Yake peke yake ilikuwa na mtu aliyeanza. Mzee mshenga alipofariki, Mungu amrehemu, siri ikabaki kwa watu wawili.

Siri ya namna hiyo ikikaa sana huota mbawa. Kidawa aliandika riwaya.

* * *

Riwaya yenyewe aliiita *Asali ya Mpakani*, hadithi ya mapenzi ya wakati wa vita. Ndaro, mpelelezi wa Mlima, anashuka Bondeni akijifanya mchonga mizinga ya nyuki. Rehani, mpelelezi wa Bonde, anapanda Mlimani akijifanya mnunuzi wa nta. Kila mmoja ametumwa kuiba mipango ya upande wa pili, na kila mmoja anamjua mwenzake ni nani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Ndaro hajui kuchonga na Rehani anaogopa nyuki. Wanafukuzana, wanategeana, wanadanganyana kwa ustadi mkubwa. Mwisho mvua inawakusanya katika pango moja, kila mmoja na kisu mkononi. Na hapo Ndaro, bila kujua Rehani atafanya nini, anakiweka kisu chake chini na kusema: "Nakupenda."

Kidawa alimsomea mumewe kila sura ilipokamilika. Lukumbo alikuwa akisikiliza huku akisugua mawe ya mizani kwa kitambaa. Iliposomwa sura ya pango aliliweka jiwe chini.

"Hilo ni letu," akasema.

"Ni letu."

"Umelipamba, lakini ni letu." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Lichapishe, mke wangu. Nani atajua?"

Kitabu kikachapishwa, na kwa mujibu wa sheria kikapelekwa kwanza Idara ya Maoni ya Wasomaji.

* * *

Katika nchi ile kutoa maoni juu ya kitabu ni wajibu wa kila raia, kama kodi. Kusoma si wajibu. Tena aliyesoma hutazamwa kwa shaka, kwa sababu aliyesoma amekwisha kuvutwa upande na yaliyomo kitabuni, na maoni yake hayawezi kuwa huru. Wenye maoni safi kabisa ni wale ambao hawajakigusa, na hao ndio waliofurika barabarani siku ya tatu.

Mlimani waliandamana wakilia kwamba shujaa wao Ndaro amefedheheshwa: ameanza kupenda, na kuanza kupenda ni kusalimu amri. Bondeni waliandamana wakilia kwamba bibi yao Rehani amedhulumiwa: ameanziwa, na kuanziwa ni kushambuliwa. Maandamano yote mawili yalikutana katika daraja la mpakani, yakataka kupigana, yakakosa wa kuanza, yakakaa hapo daraja likiwa limefungwa mpaka wauza karanga wakatajirika.

Serikali ikaunda Tume ya Kuchunguza Nani Alianza. Ilikuwa na wenyeviti wawili, Mwenyekiti wa Kulia aliyetoka Mlima na Mwenyekiti wa Kushoto aliyetoka Bonde, waliofundishwa kugonga meza kwa rungu kwa pamoja na kuyasema maneno yote mazito kwa sauti moja. Mengineyo waliachiwa wapokezane.

Kidawa aliitwa, akaketishwa kwenye kigoda mbele ya ukumbi. Lukumbo alikaa safu ya mbele, akamwashiria kwa nyusi kwamba asiogope.

"Tusikie maoni ya wasomaji," wenyeviti wakasema pamoja. "Waliosoma wakae nyuma."

Akasimama mzee mmoja wa Mlima mwenye koti la sufu, Mzee Kinguo. "Waheshimiwa, mimi sijakisoma, Mungu amenilinda. Lakini nimeumia. Ndaro tunamjua. Marehemu babu yangu ndiye aliyemfundisha kuruka ukuta."

"Ndaro ni wa kubuni, mzee wangu," Kidawa akasema taratibu.

"Ndiyo maana nimeumia zaidi! Kama ni wa kubuni, kulikuwa na shida gani kumbuni asiye na moyo?"

Ukumbi wa upande wa Mlima ukapiga makofi. Akasimama mama wa Bonde, Bi. Mwatima, kajifunga kibwebwe tayari kwa shari. "Mimi nami sijakisoma, na sitakisoma, na wanangu nimewaapiza. Hebu semeni, waheshimiwa. Mtoto wa kike wa watu yuko pangoni, analowa zake, ana kisu chake, hana habari na mtu. Linakuja hilo jibaba linamwanzia! Hata kuhesabu hakuna! Angekuwa mwanao ungefurahi?"

"Lakini alikuwa akimpenda," Kidawa akasema.

"Angengoja tatu!"

Upande wa Bonde nao ukapiga makofi, na kwa kuwa makofi ya Bonde yalizidi kidogo, Mlima waliruhusiwa kuongeza mpaka yakalingana.

Nyuma kabisa mkono mmoja ukainuka. Alikuwa mwanamke fundi cherehani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Mimi nimekisoma," akasema, na ukumbi mzima ukaguna. "Nimekisoma, nikakirudia. Pale alipoweka kisu chini nililia, nikamharibia mteja gauni lake. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kufanya vile. Nilitaka tu kumshukuru dada yetu."

"Msomaji amekiri kusoma," Mwenyekiti wa Kulia akasema.

"Maoni yake yafutwe," Mwenyekiti wa Kushoto akamalizia.

Yakafutwa. Lakini Kidawa alikuwa amekwisha kuyapokea, nayo yakamtia nguvu za kukaa kigodani hadi adhuhuri.

Ndipo akasimama Wakili wa Tume, kijana mwenye miwani na sauti ya kuimba, akaeleza shitaka. Riwaya ya kihistoria, alisema, sharti isimulie mambo yaliyowahi kutokea au yanayoweza kutokea. Katika nchi hii hakuna aliyewahi kuanza. Kwa hiyo ama mwandishi amewatukana wazee wa pande zote mbili kwa jambo lisilowezekana, na hapo kitabu kitasagwa na kutengenezewa trei za mayai, na mwandishi hataandika tena hata barua ya rambirambi. Ama mwandishi anamjua mtu aliyeanza. Amtaje. Mtu huyo akisimama hapa akakiri, jambo litakuwa limewezekana, na kitabu kitabaki kama kilivyo.

"Unamjua?" wenyeviti wakauliza pamoja.

Kidawa hakumtazama mumewe. Alijua kinachomngoja Lukumbo: mkuu wake alikuwa karibu kustaafu, na jina la Lukumbo ndilo lililokuwa likitajwa kwa kiti cha Mkuu wa Mizani wa upande wa Mlima. Mtu aliyeanza hawezi kupewa mizani ya taifa.

"Namjua," akasema. "Lakini simtaji. Si siri yangu peke yangu."

Wakampa mpaka keshokutwa.

* * *

Asubuhi iliyofuata, juu ya chai na mihogo ya kuchemsha, Lukumbo ndiye aliyelianzisha mwenyewe. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walimlaumu Kidawa kwamba alimburuza. Hakumburuza. Alikuwa amekwisha kukata shauri kitabu kiende kwenye trei za mayai.

"Nitaje," Lukumbo akasema.

"Kula mihogo yako."

"Nitaje, Kidawa. Nitasimama. Nitawaambia nilianza mimi, tena kabla ya tatu, tena kwa sauti."

"Na kiti?"

"Kiti kitu gani? Mbao nne na mto." Akamshika mkono juu ya meza. "Nilisema siku ile wakati nilikuwa sina kitu, kijana wa kukagua mafungu ya nyanya. Leo nina nyumba, nina wewe, nina mvi, halafu nishindwe? Nitasema. Nikilazimika nitaanza tena, mbele yao."

Kidawa alilia, na hakuona haya kulia. Akaona hakukosea kumsamehe kukoroma kote kule.

Mchana gari la serikali lenye sukani mbili lilisimama mlangoni. Madereva wawili walishuka pamoja, wakamwambia Bwana Lukumbo kwamba Mkuu wa Mizani anayestaafu anamwita wanywe kahawa. Akaenda. Aliporudi alisema tu kwamba kahawa ilikuwa kali. Kidawa aliona jinsi alivyokaa, ameegemea mbele kama mtu aliyekwishakaa kwenye kiti kingine kizuri zaidi. Aliona, akajikemea kwa kuona. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huamka akaikung'uta nguo ambayo ameivaa miaka yote hiyo?

* * *

Siku ya shauri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kidawa alisimama, akasema kwa sauti ambayo haikutetema: "Mtu ninayemjua ni mume wangu, Lukumbo. Aliniambia nakupenda kabla ya tatu. Kila alichokifanya Ndaro pangoni, nilikiona kwake kwanza."

Mlimani wakapiga yowe. Bondeni wakapiga yowe. Lukumbo akapanda kizimbani, kavaa koti alilovaa siku ya harusi, na Kidawa alipoliona koti lile alitulia kabisa. Alijua mtu hachagui nguo hiyo kwa jambo dogo.

Wakili wa Tume akakohoa, akaimba: "Shahidi, umekisoma kitabu cha mkeo?"

"Sijakisoma," Lukumbo akasema.

Ilikuwa kweli. Hakukisoma. Alisomewa. Kidawa akadhani mumewe anatumia akili, anataka maoni yake yasifutwe kama ya yule fundi cherehani, akatabasamu kidogo.

"Siku ya kuhesabiwa kwenu, mshenga alihesabu mpaka ngapi?"

"Mpaka tatu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa ile mara ya pili.

"Na penye tatu mlisema wote?"

"Tulisema wote. Kwa mpigo mmoja."

Kweli tena. Tabasamu la Kidawa lilikuwa bado limemkaa usoni, lakini limebaki peke yake, mwenyewe amekwisha kuondoka. Alikuwa ameandika riwaya nzima juu ya wapelelezi. Aliwafundisha Ndaro na Rehani jinsi ya kudanganya kwa maneno ya kweli, sura baada ya sura, na aliyekuwa akisikiliza masomo hayo alikuwa mtu mmoja, ameketi karibu yake, anasugua mawe ya mizani.

"Swali la mwisho," Wakili akasema. "Kabla ya tatu, ulitoa sauti yoyote mdomoni?"

Lukumbo akamtazama Mkuu wa Mizani aliyeketi safu ya mbele. Akatazama dari. Popote alipotazama, hakumtazama mkewe.

"Nilikohoa," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko cha faraja. Alikohoa! Loo, mvua ilikuwa ikinyesha, vumbi la unga limejaa, nani asingekohoa? Watu wa Mlima wakakumbatiana. Watu wa Bonde wakakumbatiana. Mzee Kinguo akasema hata babu yake alikuwa akikohoa hivyohivyo. Bi. Mwatima akafungua kibwebwe, akasema kama ni kikohozi tu, basi mtoto wa watu hajaguswa.

"Mke wangu," Lukumbo akaongeza, kwa upole sana, upole wa mtu anayekufunika shuka, "ana moyo wa kubuni. Ni kipaji. Alisikia kikohozi, akajaziliza mengine. Naiomba Tume imhurumie."

Niseme nini? Nimesimulia mengi ya nchi hiyo nikicheka, lakini hapa sicheki. Angalisema "sikumbuki," Kidawa angalimsamehe. Angalisema "aliyeanza ni yeye," angalimsamehe pia, kwa kuwa mwoga husukumia mwingine lawama. Lakini alilichukua neno lile lenyewe, lile ambalo Kidawa alikuwa akilila na kulinywa miaka yote, akaligeuza kikohozi, kisha akamwombea huruma kwa kulisikia.

Wenyeviti walinong'onezana, wakagonga meza kwa pamoja, wakatoa uamuzi kwa sauti moja. Kitabu hakitasagwa, kwa kuwa serikali inapenda sanaa. Kitachapishwa upya na marekebisho madogo. Katika pango ataongezwa mshenga mwenye kibali, aliyejikinga mvua hapo kwa bahati njema. Mshenga atahesabu mpaka tatu. Kabla ya tatu Ndaro ataruhusiwa kukohoa. Visu vitawekwa chini kwa wakati mmoja, kwa mlio mmoja. Marekebisho atayaandika mwandishi mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuwa serikali inaheshimu uhuru wa mwandishi.

"Mwandishi ana neno?" wakamalizia.

Kidawa akasimama. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuapa kwa kaburi la mshenga, akaeleza ya chai na mihogo, ya kushikwa mkono, ya "nikilazimika nitaanza tena". Nusu ya ukumbi ingemzomea na nusu nyingine ingeisaidia. Na Lukumbo angekohoa tena.

"Waheshimiwa," akasema, "ninalo neno moja, nalo nalitoa kama msomaji. Shahidi amesema kweli. Nilisikia vibaya. Siku ile hakuna aliyeanza. Na kama hakuna aliyeanza," hapo akageuka kizimbani, akamtazama mumewe usoni, "basi hakuna aliyependa. Si yeye, si mimi. Iandikeni hivyo. Ni sare. Bila kwa bila."

Ukumbi ulilipuka. Bila kwa bila! Ndiyo sare safi kuliko zote, sare ambayo hata lango halikuguswa! Watu walirusha kofia, wakaimba beti zote mbili za wimbo wa taifa kwa wakati mmoja, na wenyeviti wenyewe wakasahau itifaki wakapeana mikono. Ilisemwa baadaye kwamba taifa halijapata kuungana namna ile tangu mkataba.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Lukumbo alikuwa bado amesimama kizimbani katika koti lake la harusi, ameshika ukingo wa ubao kwa mikono miwili.

* * *

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani majirani waliwapongeza wote wawili kwa mpigo mmoja, Kidawa kwa busara na Lukumbo kwa kiti, maana habari za kiti zilikuwa zimetangulia. Walipofika ndani Lukumbo akavua koti, akalitundika, akasimama mbele ya mkewe kama mtu anayetafuta mahali pa kutua mzigo.

"Yalikuwa maneno ya barazani tu, Kidawa. Wewe unawajua wale. Wangekisaga kitabu, wangenifukuza kazi, tungekula nini? Sasa kitabu kipo, kazi ipo. Na lile letu lipo palepale. Mimi najua, na wewe unajua."

"Mimi nilikuwa najua," Kidawa akasema, "kwa kuwa ulilisema siku ambayo hukutakiwa kulisema. Leo umetakiwa, mbele ya watu, umekohoa. Sasa sijui, Bwana Lukumbo. Sijui kabisa nilisikia nini siku ile."

Hakuwahi kumwita Bwana Lukumbo ndani ya nyumba ile. Mume akavuta kiti, hakukikalia.

"Na wewe?" akauliza, sauti imemshuka. "Ulivyosema hakuna aliyependa, si yeye si mimi. Ulikuwa unawaambia wao tu. Au sivyo? Niambie ulikuwa unawaambia wao."

Kidawa alikuwa ameanza kufungua mtandio wake. Akaukunja vizuri, akauweka juu ya meza.

"Niliwaambia wao," akasema. "Lakini nilikuwa nakutazama wewe."

Kisha akaingia jikoni, akabandika chai ya mtu mmoja.